Sasa, na Saa ya Kufa Kwetu

Anayesali rozari ya matendo matano anamaliza akiwa ameitaja saa ya kufa kwake mara 53: punje hamsini za yale matendo, na tatu za mwanzo karibu na msalaba. Kila Salamu Maria inaishia palepale, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Mwezi Oktoba jumuiya zetu husali hivyo nyumba kwa nyumba, jioni baada ya jioni, watoto wakisinzia mkekani, mama mwenye nyumba sikio moja likiwa jikoni kwenye chai ya wageni. Sidhani kama kuna watu wanaotamka kifo chao wenyewe mara nyingi kuliko sisi. Na hatukisikii. Mdomo umeshazoea njia, unakwenda wenyewe.

Mimi maneno hayo nimeyasikia kwelikweli mara chache, na nikizikumbuka mara hizo nakuta nyingi zilianzia redioni au kwenye simu. Amekufa mtu niliyemjua kwa jina na sura, yeye hanijui, sijawahi hata kumpa mkono. Na usiku wa siku hiyo, nikifika kwenye "saa ya kufa kwetu", ulimi unakwama. Nimejiuliza sana kwa nini iwe hivyo. Babu yangu alizikwa mimi nikitangulia na msalaba wa mbao mbele ya jeneza lake, na sikutetemeka vile.

Nadhani ni kwa sababu msiba wa nyumbani una kazi. Turubai limepatikana? Viti je? Kibali cha mazishi kachukua nani, mjomba atapokelewa na nani stendi, daftari la rambirambi akae nalo nani? Unalia, lakini unalia huku unahesabu sahani. Msiba wa mtu maarufu haukupi sahani za kuhesabu. Unakaa nao mikono mitupu na akili haina pa kukimbilia. Halafu babu alikuwa mzee, na wazee tumeshazoea kuwaachia kufa. Mtu maarufu mara nyingi anaondoka akiwa na vitu vyote ambavyo sisi, kwa siri, tunavitegemea vitukinge: ujana, pesa, umati wa watu, hospitali ya nje ya nchi. Akifa yeye, na sisi tunabaki hatuna pa kujificha.

Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Anayefuata kalenda ya Kanisa ataiona tarehe hiyo mara moja: ni usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi Kuu. Mchana tulikuwa tumepanga foleni kuubusu msalaba. Asubuhi kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walikuwa kanisani na ndoo na matambara wakisafisha kwa ajili ya mkesha wa Pasaka, altare ikiwa tupu bila kitambaa, tabernakulo wazi haina kitu, kama inavyokuwa siku hiyo kila mwaka. Vijana wa kwaya walikuwa wakipitia nyimbo. Ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, na kwaya ikanyamaza kipande kwa kipande: kwanza sauti ya tatu, halafu ya kwanza, mwisho mwalimu akaushusha mkono. Mama mmoja aliyekuwa akipiga deki alikaa kwenye benchi na tambara lake linalochuruzika maji, akasema, "Huyu si mtoto wangu, kwa nini nalia?"

Msomaji ambaye hakuwepo miaka ile huenda asielewe ukubwa wake. Kanumba alianzia kundi la maigizo la Kaole, kwenye michezo ya kuigiza ya ITV ambayo jioni ilikuwa inakusanya mtaa mzima kwenye sebule yenye televisheni. Filamu zake zilikuwa zinaonyeshwa kwenye mabasi ya mikoani, zinauzwa stendi, zinavuka mpaka kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Mimi na yeye ni rika moja. Ukikuta mtu wa rika lako anang'aa hivyo, unamfanya kipimo bila kumwomba ruhusa: yeye yuko pale, mimi niko hapa, tuna miaka mingapi, bado kuna muda. Asubuhi ile muda ule ulikatika kwa ajili yake, na hesabu yangu yote ikakosa mshiko.

Usiku tulikesha. Moto mpya ukawashwa nje, mshumaa wa Pasaka ukaingizwa kanisani gizani, "Mwanga wa Kristo", nasi tukaitika "Tumshukuru Mungu" huku tukipokezana mwali mshumaa kwa mshumaa. Paroko wetu hakuhubiri habari za Kanumba hata kidogo. Alimtaja kwenye maombi ya waamini tu, "na ndugu yetu Steven, aliyefariki usiku wa jana," kwa sauti ileile aliyotumia kuwataja marehemu wa parokia, akaendelea. Mpaka leo namshukuru kwa hilo. Jumamosi Kuu ni siku ambayo Kanisa linakumbuka kwamba Kristo alikuwa kaburini, kwamba alishukia kuzimu, huko waliko waliokufa. Siku nyingine zote imani yetu inawasemea wafu kwa mbali. Siku hiyo inasema Bwana mwenyewe alilala kati yao. Sikuhitaji mahubiri zaidi ya hayo.

Alizikwa Jumanne, tarehe 10, makaburi ya Kinondoni, baada ya kuagwa viwanja vya Leaders. Makamu wa Rais alikuwepo, Mama Salma Kikwete alikuwepo, na umati ambao viwanja vile havikuweza kuubeba. Watu walizimia. Wengi waliopanga foleni hawakufika kwenye jeneza. Sisi wengine tuliangalia kwenye televisheni, dukani, tukiwa tumesimama.

Na kisha, kabla udongo haujakauka, likaja lile swali. Kaenda wapi?

Liliulizwa kwenye daladala, kwenye vibanda vya magazeti, na kwa huzuni yangu kubwa liliulizwa zaidi na watu wa kanisani. Alikuwa Frimasoni, wakasema. Kuna alama alionyesha kwenye picha fulani. Kuna filamu yake ilikuwa na mambo ya giza. Kafa Ijumaa Kuu, hilo nalo si bure. Wengine walitaka kujua nani alikuwa chumbani, walikuwa wamegombania nini, kana kwamba dhambi ya mtu ikishajulikana kifo chake kinakuwa kimeeleweka. Kesi ya aliyekuwa naye chumbani ilikwenda kwa miaka hadi Mahakama Kuu, na hukumu ya kuua bila kukusudia ikatoka Novemba 2017. Mahakama ilifanya kazi yake, na kazi hiyo ni ya lazima. Ila sisi tulikuwa tumeshatoa hukumu nyingine wiki ya kwanza tu, na yetu ilikuwa haina ushahidi wala rufaa: hukumu ya roho ya mtu.

Yesu aliletewa habari za namna hii. Luka ameyaandika katika sura ya 13: watu wanamhadithia kuhusu Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao, na yeye anawaongezea habari nyingine ya mjini. "Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Nawaambia, Sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Ninavutwa sana na jinsi anavyokataa. Hawaambii waliokufa walikuwa wema. Hawaambii walikuwa wabaya. Hata majina yao hayataji. Anawageukia walioleta habari na kuwauliza habari zao. Wamekuja na kifo cha wengine mkononi, wanaondoka na cha kwao.

Ningependa wahubiri wetu, hasa wenye vipaza sauti vikubwa, wakae na sura hiyo kila msanii anapokufa. Kumtumia marehemu kama mfano wa waliopotea ni rahisi, kwa sababu hawezi kujibu. Mama yake anasikia. Na kijana aliyekaa nyuma kabisa kanisani, anayempenda yule msanii, anajifunza kwamba hapa watu wake wakifa watafanyiwa hivi.

Nina shemeji Mwanza, mlokole wa kweli, mtu ninayemheshimu kwa sababu anasali kuliko mimi na hana unafiki. Tulizungumza kwa simu siku zile.

"Shemeji," akaniambia, "nyie Wakatoliki mnamwombea nini tena? Imeandikwa watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Faili limefungwa."

"Faili la nani limefungwa, shemeji? Wewe umelisoma?"

"Sijalisoma. Ndiyo maana nasema tuwaombee wazima."

"Na wazima tuwaombee. Lakini huyu nimwache barabarani hivihivi?"

Hatukukubaliana, na hatujakubaliana hadi leo. Ila kuna kisa ambacho kwenye Biblia yake hakimo, nami nilimsomea, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo sura ya 12. Yuda Makabayo anarudi na watu wake kuzika askari waliouawa vitani. Wanapowainua, wanakuta chini ya nguo za kila marehemu vitu vya sanamu za Yamnia, vitu vilivyokatazwa na sheria. Kwa lugha yetu ya mtaani, walikutwa na hirizi. Hapo ndipo mahubiri ya "mmeona?" yangeanza. Yuda anafanya nini? Anawaambia walio hai wajihadhari na dhambi, kwa kuwa wameona kwa macho yao. Halafu anapitisha mchango, mtu kwa mtu, na kuzipeleka fedha Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya waliokufa. Onyo likawaendea wazima, na wafu wakapata sala. Shemeji alinyamaza kidogo, akasema, "Hicho kitabu sina, lakini huyo bwana alikuwa na moyo." Mimi kwangu ilitosha.

Kanisa langu linawatangaza watakatifu, na linachukua miaka mingi kufanya hivyo. Halijawahi kumtangaza mtu hata mmoja kwamba yuko motoni. Sijawahi kuona jambo hilo likisemwa kwa sauti msibani, na lingepaswa kusemwa. Linaacha mlango ambao sala inaweza kupita. Mwezi Novemba, mwezi wa marehemu, parokia hugawa bahasha za kuandika majina ya wafu wetu waombewe misani. Mwaka ule niliandika ya ukoo wangu, na chini kabisa nikaandika Steven Kanumba. Katekista alikuwa akipitia karatasi mbele yangu, akasimamisha kalamu. "Huyu ni ndugu yako?" Nikamwambia hapana. Akafikiri. "Basi weka tu. Huenda wote wanadhani mwenzao ameshaandika."

Lazima niseme pia upande wa pili, kwa sababu nao una hatari. Angela Chibalonza, aliyetoka Kongo na kuimbia Kenya nyimbo ambazo makanisa ya Afrika Mashariki nzima yanaziimba hadi leo, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2007. Fanuel Sedekia, mwimbaji wa Injili wa Arusha, alifariki mwaka 2009 akiwa Israeli. Kwa hao wawili hakuna aliyeuliza wameenda wapi. Tuliwafikisha mbinguni siku ileile, tukawapa taji, tukaendelea kucheza kanda zao. Nawapenda wote wawili na natumaini ni kweli. Lakini angalia: mwigizaji tulimpeleka kuzimu haraka, mwimbaji wa Injili tukampeleka mbinguni haraka, na haraka zote mbili zilitusaidia kumaliza msiba bila kujiuliza chochote sisi wenyewe. Waimbaji hao nao wanaombewa. Mimi naamini wangekuwa wa kwanza kuomba hivyo.

Mwaka 2019 ulitupa somo jingine. Februari tulimpoteza Ruge Mutahaba wa redio na televisheni ya Clouds, akiwa Afrika Kusini kwa matibabu, akarudishwa na kuzikwa kwao Bukoba. Mei akafuata Reginald Mengi, aliyefia Dubai, akazikwa kwao Machame. Mmoja alikuwa ametengeneza majina ya wasanii wengi tunaowajua, mwingine alijenga viwanda, magazeti na televisheni. Waliokuwa wamelala na mipango yao mezani kwa hao wawili waliamka hawana pa kuipeleka. Zaburi ya 146 inalisema jambo hili bila kulipamba: "Pumzi yake hutoka, hurudi udongoni mwake, siku hiyo mawazo yake yapotea." Siku hiyohiyo. Mtunga zaburi hadharau wakuu, anamwonya aliyewaegemea.

Lakini kifo kilichonikaa zaidi, kupita hata cha Kanumba, ni cha kijana wa Kikenya ambaye jina lake nililijua kwa miezi michache tu kabla ya kumzika kwa macho kwenye televisheni.

Kelvin Kiptum alikuwa amekimbia marathoni tatu maishani mwake na kushinda zote tatu: Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, na Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, alipovunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Rekodi iliyokuwepo, ya Eliud Kipchoge, aliipunguza kwa sekunde 34. Ukimwangalia Chicago anavyokata kona ya mwisho, hatua zake hazibadiliki, unaona mtu ambaye kila sekunde ya mwili wake ina mahali pake. Mpango ulikuwa Rotterdam, Aprili 2024, na huko alitaka kwenda chini ya saa mbili, jambo ambalo wakati ule hakuna aliyekuwa amelifanya katika mashindano rasmi. Tarehe 6 Februari Shirikisho la Riadha Duniani likaithibitisha rekodi yake ya Chicago. Tarehe 11, Jumapili usiku, gari alilokuwa akiliendesha liliacha njia upande wa Kaptagat, karibu na Eldoret, likagonga mti. Alikufa yeye na kocha wake Gervais Hakizimana, Mnyarwanda. Kiptum alikuwa na miaka 24, mke na watoto wawili.

Jumatano iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu. Mwaka ule iliangukia tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi kanisa lilijaa watu wanaowahi kazini, na wasichana wengi walikuwa wameshavaa nyekundu. Foleni ikasogea. Padri anachovya kidole gumba kwenye kibakuli, anachora msalaba kwenye paji la uso: "u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi." Nje ya geti wauza maua walikuwa wamepanga ndoo za waridi. Nilimwona dada mmoja ananunua shada, majivu yamemdondokea kidogo puani, anacheka na muuzaji kuhusu bei. Niliiona dunia yote pale na sikuona dosari yoyote ndani yake. Mtu anaweza kubeba maua na majivu kwa pamoja. Kiptum naye aliamka Jumapili ile akiwa na mambo ya Jumatatu.

Yakobo aliwaandikia wafanyabiashara waliosema leo au kesho tutaingia katika mji fulani, tukae mwaka mzima, tupate faida. Nikiisoma sasa, mji fulani kwangu una jina, ni Rotterdam. "Maana ninyi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka." Zamani nilidhani Yakobo anakataza mipango. Haikatazi. Kijana yule alifanya vizuri kupanga, na kifo chake hakiupi uvivu sifa yoyote. Yakobo anataka mpango uwe na Bwana ndani yake, ili ukikatika usikatike na mwenyewe.

Na Zaburi ya 90, ambayo tunaisoma karibu kila mazishi, ilinigeukia wiki ile. "Siku za miaka yetu ni miaka sabini, na ikiwa tuna nguvu miaka themanini." Tunausikia mstari huo kama ahadi, kana kwamba tumekatiwa tiketi ya sabini na aliyeshuka kabla amedhulumiwa. Halafu unafika mstari wa 12: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Musa anaomba afundishwe kuhesabu. Hesabu gani hiyo inayohitaji kufundishwa na Mungu? Kutoa umri wangu kwenye sabini naweza mwenyewe. Kiptum alikuwa bingwa wa kuhesabu, alijua kila kilomita imekula sekunde ngapi, na hesabu ile ya dunia haikumwonyesha Jumapili yake. Hesabu ya Musa, nionavyo mimi, ni kuishika siku moja, hii, na kujua imetolewa.

Kuna maneno tunayasema msibani ambayo siku hizi yananikera, na nitayasema hapa nikijua wapo watakaoumia. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi." Yanasemwa kwa upendo, na aliyefiwa mara nyingi hana nguvu ya kuyapima. Lakini Mungu hakumhitaji baba wa watoto wawili kwenye barabara ya Kaptagat usiku. Biblia inaita mauti adui: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti," ndivyo Paulo alivyowaandikia Wakorintho. Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro, hali akijua atamfufua baada ya dakika chache, alilia machozi. Hakumwambia Martha wala Mariamu kwamba Mungu kampenda zaidi. Na tukiuita kila msiba kazi ya Mungu tunaacha kuuliza mambo ambayo tunapaswa kuyauliza: barabara ile ina taa? Dereva alikuwa amechoka? Bodaboda alikuwa na helmeti? Ayubu alisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, lakini alisema hivyo juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa ameanguka chini na joho limeraruliwa. Mwenye msiba anaweza kuyasema. Mimi niliyekuja kutoa pole, kazi yangu ni kukaa.

Basi haya yote yamenifanya nini? Nitaandika machache, kwa sababu ni mambo ya nyumbani.

Wote mliohudhuria mazishi mnajua ile sehemu, baada ya wasifu wa marehemu na kabla ya kuelekea makaburini, mwakilishi wa familia anaposimama na kusema: kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, au anadaiwa na marehemu, aonane na familia. Watu wanaangaliana. Kuna anayejua anadai na hatasema kwa aibu, na kuna mjane ambaye ndiyo kwanza anasikia kwamba kulikuwa na mkopo. Baada ya Kiptum nilinunua kaunta buku. Nimeandika ninachodaiwa kwenye SACCOS, ninachodaiwa dukani, fedha ya kikundi niliyokabidhiwa nikae nayo, hati ya kiwanja iko wapi, nani shahidi. Wosia nimeuandika kwa utaratibu wa sheria. RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanapokea na kutunza wosia, na watu wengi hawajui hilo. Mke wangu mwanzoni hakutaka kulisikia, akasema najichulia. Nikamwambia, mama, jana tu umesali rozari, umesema mwenyewe mara hamsini na tatu. Akacheka, akachukua kalamu. Ukurasa wake sasa ni mrefu kuliko wangu, na umo upatu ambao mimi sikuwa na habari nao.

Naenda kuungama pia, na siku hizi sisubiri Kwaresima. Na kuna jambo moja ambalo nimeligombania katika jumuiya yetu hadi wengine wamechoka kunisikia, nalo ni Mpako wa Wagonjwa. Familia zetu zinaogopa kumwita padri, eti mgonjwa akimwona atajua anakufa. Wanasubiri hadi mgonjwa hawezi kuongea, hawezi kuungama, hawezi kumeza Ekaristi, ndipo mtu anatumwa usiku kugonga nyumba ya mapadri. Sakramenti ile iliwekwa kwa mgonjwa. Yakobo huyohuyo anasema mtu wa kwenu amekuwa hawezi, na awaite wazee wa kanisa. Anaita mwenyewe, maana yake bado ana sauti. Kanumba hakupata nafasi hiyo, wala Kiptum. Wengi wetu tutaipata, na itakuwa mikononi mwa watu wetu waliotuzunguka kitandani wakinong'onezana kwamba tusishtuliwe.

Kwa hiyo kwenye jalada la ndani la kaunta buku, kabla ya madeni, nimeandika namba ya parokia na ya mwenyekiti wa jumuiya, na chini yake: nikilazwa, padri aitwe siku ya kwanza, nikiwa bado naweza kumsimulia mwenyewe. Mtoto wetu mkubwa amesoma na kuweka sahihi yake pembeni. Aliuliza swali moja tu, kwamba kama ni malaria ya kawaida aite pia? Nikamwambia aite.